Wangari Maathai alianza na maji

Watu wengi wanamjua Wangari Maathai sawa mama wa miti. Ni kweli, alipanda miti, na wamama wa Kenya walipanda pamoja naye mamilioni. Lakini ukifuata maisha yake polepole unaona kwamba jambo la kwanza halikuwa mti, lilikuwa maji. Sisi tunaokaa Rubaya, Masisi-centre, Walikale ao Bisie, tunaoona kila siku mto ukishuka na rangi ya chai ya maziwa, maisha ya mama huyu yanatuhusu kuliko tunavyofikiri. Tena, miaka yake ya mwisho aliifanyia kazi pori letu la Kongo, jambo ambalo wachache kwetu wanalijua.

Alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe, karibu na Nyeri, kwenye vilima vya katikati ya Kenya. Mtu wa Masisi akifika kule hatapotea: vilima vikali, baridi ya asubuhi, mvua mingi, udongo unaootesha kila kitu. Baba yake Muta alikuwa anafanya kazi kwa mzungu mmoja mwenye shamba upande wa Nakuru, na mtoto alikaa kule kwa muda. Mwaka 1947 mama yake, Wanjiru, alirudi naye Ihithe juu ya watoto wapate kusoma.

Karibu na nyumba yao kulikuwa mti mkubwa ambao Wakikuyu wanaita mugumo. Ni jamaa ya mtini, ndugu wa ule ambao wengine kwetu wanaita umuvumu. Chini ya mti ule palitoka kijito cha maji safi. Mama yake alimtuma kuokota kuni, lakini alimkataza kugusa hata kijiti kimoja cha mugumo, kwa sababu ni mti wa Mungu. Mtoto alitii. Aliteka maji pale, alikunywa kwa mikono, na alicheza na mayai ya vyura yaliyokuwa yanang'aa ndani ya maji. Alitaka kuyavaa shingoni sawa shanga, lakini kila mara yalimvunjikia vidoleni. Tukumbuke kijito kile, tutakirudia.

Wakati ule wasichana hawakusoma sana. Ni kaka yake Nderitu ndiye aliyemwuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shuleni kama wao. Mama akafikiri kidogo, akaona hakuna sababu. Basi akaenda. Alipita shule ya kijiji, kisha masista wa Mathari kule Nyeri, kisha sekondari ya Loreto, Limuru. Mwaka 1960 akapata nafasi kati ya vijana waliopelekwa Marekani kusoma. Alimaliza biolojia mwaka 1964 huko Kansas, na mwaka 1966 akapata diploma ya juu zaidi katika chuo kikuu cha Pittsburgh. Pittsburgh ni mji uliokua kwa makaa ya mawe na chuma, na pale aliona watu wakidai moshi wa viwanda upunguzwe ili wapumue. Kwa mara ya kwanza aliona kwamba mji unaokula kwa kazi ya mgodi unaweza pia kudai hewa safi.

Aliporudi Nairobi na barua ya kazi mkononi, kazi alikuta imepewa mtu mwingine. Yeye mwenyewe alielewa sababu zilikuwa mbili, kabila na kuwa mwanamke. Hakukaa akalia. Alipata fasi katika idara nyingine ya chuo kikuu kilekile, ile ya kusomesha waganga wa mifugo, akaenda Ujerumani kuongeza masomo, na mwaka 1971 akawa daktari wa chuo kikuu, mwanamke wa kwanza katika Afrika mashariki na ya kati kufikia daraja lile. Alikuwa ameolewa mwaka 1969 na Mwangi Mathai, wakazaa watoto watatu.

Sasa tufike kwenye kupe. Kazi yake ya utafiti ilikuwa juu ya ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe. Wafugaji wa Masisi wanaujua vizuri, unamaliza ndama. Alikuwa anatembea vijijini kuokota kupe kwenye masikio ya ng'ombe. Lakini macho yake yaliona mambo mengine. Aliona ng'ombe wamekonda, wamebaki mifupa. Aliona mvua ikinyesha na maji yakikimbia juu ya njia na juu ya mashamba bila kuingia chini, yakibeba udongo. Aliona mito imekuwa matope. Akajiuliza kama ugonjwa mkubwa wa nchi ni kupe, ao ni ile hali yote inayozunguka ng'ombe na mwenye ng'ombe.

Katika miaka ile alikuwa pia katika baraza la wanawake wa Kenya. Wamama wa vijijini walipoulizwa shida zao hawakutaja mambo makubwa. Walisema hawana maji safi, hawana kuni, na watoto wanakula vibaya. Wangari alishangaa, kwa sababu wamama wale walitoka kwao, Nyeri, fasi ambayo yeye aliiacha na maji kila upande. Kumbe mashamba yalikuwa yameingia kahawa na chai mpaka ukingoni mwa mito, na pori la asili lilikatwa ili kupanda misindano na mikaratusi ya biashara.

Alipofika kwao alikuta mugumo umekatwa. Mwenye shamba aliona mti unamziba nafasi ya kulima. Na kijito kilikuwa kimekauka. Vyura hakuna.

Hapa lazima nisimame kidogo, maana njo moyo wa habari yote. Wazee walisema mti wa Mungu, na wamisionari walicheka. Lakini mti ule mizizi yake inashuka ndani sana, inapenya kwenye mipasuko ya mwamba mpaka inafikia maji ya chini. Maji yale yanapata njia ya kupanda, na yakikuta fasi laini ao bonde yanatoka, inakuwa chemchemi. Mizizi ileile inafunga udongo kwenye kilima kikali. Ndiyo sababu Wakikuyu wa zamani, bila maabara, waliacha miti ile kwenye miteremko, na miteremko haikuanguka. Mchimbaji hahitaji kufundishwa jambo hili mara mbili. Anajua kilima kilichonyolewa kinavyofanya mvua ikinyesha usiku kucha. Na wote tunakumbuka mwezi wa tano 2023 kwa jirani zetu wa Kalehe, Bushushu na Nyamukubi, maji na mawe yalivyoshuka na kubeba watu zaidi ya mia nne.

Pori linafanya kazi gani hasa? Majani yanavunja nguvu ya matone. Takataka ya majani chini inakunywa maji sawa sifongo. Mizizi inafungua udongo, maji yanaingia polepole, na yanatoka polepole kwenye chemchemi hata wakati wa jua. Ukiondoa pori, mvua inabaki ileile lakini maji yote yanapita siku moja. Juma hili mafuriko, mwezi ujao mama anatembea saa mbili na bidoni mgongoni. Ndiyo hesabu aliyoifanya Wangari, na ilimpa jibu moja: tupande miti.

Jaribio la kwanza lilishindwa. Mwaka 1974 bwana yake aligombea ubunge wa Lang'ata na aliahidi watu kazi. Alipochaguliwa, ahadi ilisahauliwa, lakini bibi yake hakusahau. Alifungua kampuni ndogo ya kuwapa watu kazi ya kupanda miti. Ikakosa feza, miche ikakosa maji, ikafa. Mwaka 1976 alikwenda Vancouver, Canada, kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya makao ya watu, na alirudi na nguvu mpya. Tarehe 5 Juni 1977, siku ya mazingira duniani, yeye na wenzake wa baraza la wanawake walitembea kwa miguu katikati ya Nairobi mpaka uwanja wa Kamukunji, wakapanda miti saba. Mwaka uleule Nairobi ilipokea mkutano mkubwa wa Umoja wa Mataifa juu ya jangwa, na wajumbe wakapelekwa upande wa Naivasha kupanda pia. Hivyo ndivyo ulivyozaliwa mwendo wa Mkanda wa Kijani, Green Belt, kwa sababu miti ilipandwa kwa mistari mirefu, elfu moja ao zaidi, sawa mkanda kiunoni mwa nchi.

Kuna hadithi moja ya wakati ule inayonichekesha. Alikwenda kwa mkubwa wa misitu wa serikali kumwomba miche ya kutosha kila Mkenya, milioni 15. Mkubwa yule alicheka, akasema achukue bure yote anayotaka, maana hakuamini hata kidogo. Haukupita muda mrefu, wamama walichukua mingi mpaka serikali ikaanza kuomba walipe.

Basi wamama wakaanza kujioteshea wenyewe. Mafundi wa misitu walisema haiwezekani, kuotesha mti kunahitaji diploma. Wamama waliokuwa wanaotesha maharagi na mahindi tangu utoto wakaona neno lile ni la ajabu. Waliokota mbegu porini, walitumia vyungu vilivyopasuka na makopo, walitoboa chini ili maji yapite, wakaweka juu ili kuku wasile. Na walilipwa. Si nyingi, kama senti nne za dola kwa mche mmoja. Lakini walilipwa kwa mche uliopandwa na ukashika tu, na lazima mtu apite kuhakikisha.

Kwangu mimi, hapo njo akili yake kubwa. Kwetu tumeona miradi mingi ambayo siku ya kupanda kuko kamera, kofia na T-shati, na mwezi wa tatu mbuzi wamemaliza yote. Wangari hakulipa siku ya sherehe. Alilipa mti uliobaki hai.

Jambo lingine ambalo Masisi tungelisikia vizuri ni la mikaratusi. Hakuupenda mti ule kupandwa karibu na maji. Unakua mbio, unatoa mbao, makala na miti ya kushikilia mashimo, kwa hiyo mtu maskini anaupenda, na ana haki. Lakini unakunywa maji mengi, na chini yake mimea mingine haioti vizuri, udongo unabaki wazi. Alisema na kurudia kwamba mti si mti tu. Kwenye chemchemi na ukingoni mwa mto warudishe miti ya asili, na mikaratusi ikae mbali, juu ya ardhi kavu. Mwaka 2009 waziri wa mazingira wa Kenya aliamuru mikaratusi iondolewe ukingoni mwa mito na kwenye majimaji. Wenye mashamba wengi walikasirika, na mtu anawaelewa. Mti ule ulikuwa karo ya shule.

Wakati miti ilikuwa inakua, nyumba yake ilivunjika. Talaka ilitoka mwaka 1979, na kwa kuwa aliwasema vibaya majaji waliomhukumu, alifungwa, akakaa siku tatu. Bwana yake wa zamani alimtaka aache jina lake. Yeye akaongeza herufi moja tu, Mathai likawa Maathai, akaendelea. Mwaka 1982 aliacha kazi ya chuo kikuu ili agombee ubunge. Wakamzuia kwa sababu ya mambo ya orodha ya wapiga kura, na alipotaka kurudi kazini siku ileile wakasema fasi yake imekwisha kupewa mwingine. Akapoteza mshahara na nyumba kwa mara moja. Alikuwa na watoto watatu.

Heshima ilianza kutoka mbali. Mwaka 1984 Stockholm ilimpa tuzo ya Right Livelihood, ambayo wengine wanaita Nobel ya pembeni. Mwaka 1991 akapewa Goldman, tuzo ya Marekani kwa walinzi wa mazingira. Lakini tazama tarehe za nyumbani zinavyokaa katikati ya zile. Mwaka 1989 serikali ya raisi Moi ilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru, fasi ambapo watu wa Nairobi wasio na kitu wanapumzika siku ya Mungu. Aliandika barua kila mahali. Wabunge walimtukana bungeni, wakataja hata talaka yake, na Green Belt ikafukuzwa kwenye ofisi ya serikali, ikahamia ndani ya nyumba yake ndogo. Wenye feza wakaogopa kelele, jumba halikujengwa. Mwaka 1992 alikaa katika bustani ileile na wamama waliodai watoto wao waliofungwa kwa siasa, na polisi wakampiga mpaka akazimia.

Vita iliyokuwa na maji ndani yake zaidi ni ya Karura. Karura ni pori lililo mlangoni mwa Nairobi, na mito inapita ndani yake. Wakubwa walianza kuligawana kwa siri ili kujenga manyumba. Mwaka 1998 Wangari na watu wake waliingia na miche, na walipofungiwa njia kubwa wakapita nyuma kwenye majimaji. Tarehe 8 Januari 1999 walikuta kundi la watu wenye silaha za jadi wakiwangojea. Wakampiga kichwani, damu ikamtoka. Alikwenda polisi kushitaki, wakamwambia aweke sahihi, akaiweka kwa damu yake. Karura ipo mpaka leo, watu wanatembea ndani yake.

Mwaka 2002 siasa ilibadilika. Watu wa Tetu walimchagua mbunge kwa sauti karibu zote, 98 kwa mia, na mwaka 2003 akawa naibu waziri wa mazingira. Tarehe 8 Oktoba 2004 alikuwa ndani ya gari akienda Nyeri, simu ikalia. Kamati ya Oslo ilikuwa imempa Nobel ya amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Alisimama kwenye hoteli moja ya Nyeri, akaomba jembe, akapanda mti mbele ya mlima Kenya. Wakati ule Green Belt ilihesabu miti zaidi ya milioni 30.

Wengine waliuliza miti na amani vinahusiana namna gani. Huko Bulaya waliandika kurasa nyingi. Sisi swali lile halitusumbui. Anayejua malumbano ya mfugaji na mlimaji juu ya kijito kimoja, ao ya wanaoosha koltani juu na wanaoteka maji ya kunywa chini, amekwisha kupata jibu. Si kwamba mama huyu hakukosea. Wakati uleule maneno yake juu ya asili ya ukimwi yaliumiza watu wengi, akalazimika kujieleza. Na mwaka 2007 watu wa Tetu wakamnyima kiti.

Sasa tufike kwetu. Mwezi wa pili 2005 maraisi wa Afrika ya kati walikutana Brazzaville juu ya pori la bonde la Kongo, na Wangari akawekwa kuwa balozi wa pori lile. Mwaka 2008 Uingereza na Norvege walitoa feza za kwanza za mfuko wa misitu ya Kongo, zikawekwa chini ya Benki ya Maendeleo ya Afrika, na mfuko ukaongozwa na watu wawili, yeye na Paul Martin, aliyekuwa waziri mkuu wa Canada. Alizunguka dunia akieleza kwamba pori hili halitunzi hewa tu. Linatengeneza mvua. Maji yanayopanda juu ya majani ya Walikale yanarudi kunyesha mbali, hata fasi ambazo hazijui jina la Walikale. Na mito inayoshuka kutoka vilima vya Masisi inaingia Lowa, Lowa inaingia Lualaba, kwa hiyo matope ya mgodi wetu ni matope ya watu tusiowajua. Alidai pia kwamba watu wanaoishi ndani ya pori wapate kitu mkononi, la sivyo watalikata, na hakuna atakayeweza kuwalaumu.

Alifariki tarehe 25 Septemba 2011, Nairobi, kwa ugonjwa wa kansa. Alikuwa ameacha neno kwamba asizikwe katika sanduku la mbao, hakutaka mti ukatwe juu yake. Mafundi wakamtengenezea sanduku la mianzi, mafunjo na gugu-maji, lile jani linalosumbua wavuvi kwenye ziwa Victoria. Tarehe 8 Oktoba serikali ilimfanyia maziko ya kitaifa katika bustani ya Uhuru, ileile aliyoizuia isijengwe jumba. Mwili wake ukachomwa moto kama alivyotaka. Majivu yalipelekwa Kabete, kwenye taasisi ya amani na mazingira yenye jina lake. Ni mali ya chuo kikuu cha Nairobi, kile kilichomfungia mlango mwaka 1982.